Karatasi Ndiyo Haimjui: Mwongozo Kamili wa Kutafiti Haki ya Mtoto ya Utambulisho, kwa Mwanafunzi wa Kisumu na Pande Zake

Kila mwaka wanafunzi wa sheria huniletea mada ileile imevaa nguo tofauti: haki za mtoto na utambulisho wake katika sheria ya kimataifa. Ukiiuliza mada hiyo inataka kujua nini, haijibu. Ni kama mtu asimame ufuoni Dunga aseme leo anavua ziwa lote. Wavuvi wa pale watamcheka kwanza, kisha watamuuliza: unataka ngege au omena? Maana nyavu zake si moja, na saa za kutoka si moja.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi aliye Kisumu, Maseno, Kakamega, Nakuru au Kabarak, wa shahada ya kwanza au ya uzamili, anayetaka kuanza tasnifu juu ya jambo hili na, la muhimu zaidi, kuimaliza. Mifano mingi ni ya Kisumu kwa sababu ndiko ninakofanyia kazi. Wa Nakuru atabadilisha majina ya mitaa tu, sheria ni ileile.

Hatua ya 1: Anza na karatasi, mkataba utakuja

Kwenye faili langu kuna kopi ya cheti cha kuzaliwa ambacho nyanya mmoja wa Nyalenda aliniruhusu nikitumie kufundishia, baada ya kuziba majina yote kwa wino mweusi. Hata bila majina kinasema mengi. Tarehe ya kuzaliwa na tarehe ya kusajiliwa zimeachana kwa miaka minne. Mtoto ameandikwa kwa jina la mama yake, ingawa shuleni anaitwa kwa jina la babu aliyemlea. Na pale panapotakiwa jina la baba pamepigwa mstari.

Nilimuuliza nyanya kama baba hajulikani. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kama jua linajulikana. "Baba yuko. Yuko hapo Kondele anauza viatu. Karatasi ndiyo haimjui."

Sasa hesabu maswali yaliyomo katika karatasi hiyo moja. Kuna swali la jina: nani huamua mtoto aitweje, na jina lipi ndilo lake, la shuleni au la cheti? Kuna swali la mzazi: je, mtoto ana haki ya kumjua baba yake, na ana haki ya kumwona ameandikwa? Hayo ni mambo mawili, usiyachanganye. Kuna la muda: miaka minne bila usajili mtoto alikuwa nani mbele ya serikali? Kuna la uraia, ambalo kwa mtoto huyu halina utata, lakini kwa jirani yake Mnubi (habari za Wanubi ziko Hatua ya 3) lingekuwa na utata mkubwa. Na kuna kile kisanduku cha jinsia, ambacho wengi wetu hatukitazami mara mbili kwa sababu hakijawahi kutusumbua.

Chagua moja. Ukichagua mawili msimamizi wako atanyamaza kwa adabu, lakini mwezi wa sita utakuwa unalia.

Baada ya kuchagua, andika swali linaloweza kujibiwa. "Je, Kenya inatekeleza haki ya mtoto ya utambulisho?" halijibiki, jibu lake ni "kiasi", na hakuna anayepewa shahada kwa kuandika "kiasi". Linganisha na hili: tangu Mahakama Kuu ifute kizuizi cha kuandika jina la baba mwaka 2016, mama asiyeolewa anayemsajili mtoto Kisumu hupitia hatua zipi akitaka jina la baba liandikwe, na je, hatua hizo zinatimiza ibara ya 7 ya Mkataba wa Haki za Mtoto? Swali hili lina mahali, lina watu, lina tarehe, na lina kipimo. Mimi hupima maswali kwa tuktuk: ukipanda Kondele na mwenye tuktuk akauliza unasoma nini, je, mtafika mjini akiwa ameelewa? Kama bado, swali lako bado ni ziwa.

Hatua ya 2: Soma ibara mbili ukiwa na penseli

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto ulipitishwa tarehe 20 Novemba 1989 na kuanza kutumika tarehe 2 Septemba 1990. Kenya iliuridhia Julai 1990, miongoni mwa nchi za mwanzo kabisa. Una ibara 54. Kwa kazi yako mbili ndizo nguzo, ya 7 na ya 8, na wanafunzi wengi huzitaja kwa pamoja kama pacha. Si pacha.

Ibara ya 7 inahusu kupewa. Mtoto asajiliwe mara tu baada ya kuzaliwa, awe na haki ya jina tangu kuzaliwa, haki ya kupata uraia, na, kadiri iwezekanavyo, haki ya kuwajua wazazi wake na kulelewa nao. Piga mstari chini ya "mara tu". Piga mwingine chini ya "kadiri iwezekanavyo", kwa sababu mlango wa kutokea wa serikali nyingi uko hapo.

Ibara ya 8 inahusu kutonyang'anywa. Serikali iheshimu haki ya mtoto ya kuuhifadhi utambulisho wake, ukiwemo uraia, jina na uhusiano wa kifamilia jinsi unavyotambuliwa na sheria. Na mtoto akinyang'anywa isivyo halali sehemu ya utambulisho huo au wote, apewe msaada aurudishiwe upesi.

Ibara hii ina historia ambayo ukiijua hutaisoma tena kwa usingizi. Argentina, chini ya utawala wa kijeshi wa 1976 hadi 1983, watu walitekwa na kupotezwa. Wanawake wengine walitekwa wakiwa wajawazito, wakajifungulia vizuizini, na vichanga vyao vikagawiwa familia nyingine, zikiwemo za wanajeshi, kwa majina mapya na vyeti vya uongo. Mabibi za watoto hao wakaanza kukusanyika katika uwanja wa Plaza de Mayo mjini Buenos Aires, na mwaka 1977 wakaunda chama chao kuwatafuta wajukuu. Mwaka 1987 nchi hiyo ikaanzisha hifadhi ya kitaifa ya data za jenetiki, ili damu ya bibi iweze kumtambua mjukuu. Argentina ndiyo iliyopeleka pendekezo la ibara ya 8 wakati mkataba ukiandikwa.

Fanya zoezi hili, ni la nusu saa tu. Ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa ilitoa mwaka 2007 juzuu mbili za historia ya uandishi wa mkataba huu, na zinapatikana bure mtandaoni. Tafuta pendekezo la kwanza la Argentina. Liliongea juu ya utambulisho "wa kweli na halisi" wa mtoto, wa binafsi, wa kisheria na wa kifamilia. Sasa liweke kando ya maneno yaliyopitishwa. "Kweli na halisi" yametoka. "Jinsi unavyotambuliwa na sheria" yameingia. Kuna tasnifu nzima katika mabadiliko hayo: neno "ukiwemo" limeacha orodha wazi, lakini "jinsi unavyotambuliwa na sheria" limeweka bawabu mlangoni. Sheria ipi? Ya bunge? Ya mila?

Hapo ndipo Nyanza inapoingia, na hapo ndipo ningekushauri ukae muda mrefu.

Katika mila ya Kijaluo ya ter, mume akifa, ndugu wa ukoo anaweza kuingia katika nyumba ya mjane. Watoto watakaozaliwa baada ya hapo huhesabiwa kuwa wa marehemu. Hubeba jina lake, na ardhi huwajia kupitia kwake. Jater, yaani ndugu huyo aliyewazaa, anajulikana na kijiji kizima, wala si siri, lakini si "baba" kwa maana ya ukoo. Ukimpeleka mtoto huyo mbele ya ibara ya 7, haki yake ya kuwajua wazazi inamwelekeza kwa jater. Ukimpeleka mbele ya ibara ya 8, uhusiano wake wa kifamilia unaotambuliwa na mila unamwelekeza kwa marehemu. Ibara mbili za mkataba mmoja, nyumba moja, majibu mawili. Wanafunzi hukimbilia kuandika kwamba mila inavunja haki. Polepole. Mtoto ananyang'anywa nini hasa, na nani, na mwenyewe angesema nini? Upande wa Wakalenjin na Kisii kuna ndoa ya mwanamke kwa mwanamke, inayozua swali la jirani: mwaka 2011, katika kesi ya Monica Jesang Katam, Mahakama Kuu Mombasa iliitambua ndoa ya namna hiyo chini ya mila ya Wanandi katika shauri la urithi. Isome. Ni fupi, na itakuzuia kuandika neno "baba" bila kufikiri.

Hatua ya 3: Usiruke Afrika

Kosa ninalolisahihisha mara nyingi zaidi ni tasnifu inayotoka Geneva na kutua Nairobi bila kupita bara lenyewe. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto ulipitishwa mwaka 1990, ukaanza kutumika Novemba 1999, na Kenya ikauridhia Julai 2000. Ibara yake ya 6 inataja jina, usajili mara tu baada ya kuzaliwa, na haki ya kupata uraia. Kisha inaongeza jambo zito, kwamba nchi zihakikishe mtoto aliyezaliwa katika ardhi yao, ambaye hakupewa uraia na nchi nyingine, apate wa hapo alipozaliwa.

Lakini tafuta ndani yake ibara inayolingana na ile ya 8. Hutaipata. Mkataba wa Afrika hauna ibara inayosema waziwazi juu ya kuhifadhi utambulisho. Je, umeachwa, au umetawanyika ndani ya ibara za familia, utamaduni na kutengana na wazazi? Ningekuwa ninaanza uzamili leo, ningefanya hilo.

Kesi ya lazima ni ya watoto wa Kinubi wa Kenya, iliyoamuliwa tarehe 22 Machi 2011 na Kamati ya Wataalamu ya Afrika kuhusu Haki na Ustawi wa Mtoto. Ulikuwa uamuzi wa kwanza wa kamati hiyo juu ya malalamiko. Wanubi ni wazao wa askari kutoka Sudan walioletwa na jeshi la Waingereza, na wameishi Kenya kwa zaidi ya miaka mia. Watoto wao walikuwa wakikua bila uhakika wa uraia, wakisubiri kufika miaka 18 ndipo wapigwe msasa na kuulizwa karatasi za mababu. Kamati ilisema kumwacha mtoto angoje hivyo hakuendani na maslahi yake, ikaona Kenya imevunja ibara ya 6, pamoja na zile za ubaguzi, elimu na afya. Watu hutaja Kibra tu wakizungumzia Wanubi. Wewe uko Kisumu. Kibos, walikokaa Wanubi wa hapa, iko karibu kuliko Ahero.

Mahakama ya Ulaya nayo ina kesi nzuri, na utashawishika kujaza kurasa nazo. Gaskin dhidi ya Uingereza ya 1989 ni ya mtu aliyelelewa na serikali akitaka mafaili ya utoto wake. Odièvre dhidi ya Ufaransa ya 2003 ni ya binti aliyezaliwa na mama aliyechagua kutotajwa, akashindwa. Zitumie kwa mjadala, ukikumbuka haziifungi Kenya. Tumia kurasa tatu, usitumie kumi na tatu.

Hatua ya 4: Ishushe sheria hadi kaunta

Katiba ya 2010, ibara ya 2(6), inaifanya mikataba iliyoridhiwa kuwa sehemu ya sheria ya Kenya. Ibara ya 53(1)(a) inampa kila mtoto haki ya jina na uraia tangu kuzaliwa. 53(1)(e) inasema malezi ni jukumu sawa la mama na baba, wawe wameoana au hawajaoana. 53(2) inaweka maslahi bora ya mtoto mbele. Ibara ya 14(4) ni ndogo lakini tamu: mtoto aliyeokotwa Kenya, anayeonekana hajafika miaka minane, na wazazi wake na uraia wake havijulikani, huchukuliwa kuwa raia wa kuzaliwa.

Halafu Sheria ya Watoto. Ya zamani, ya 2001, kifungu cha 11, ilisema mtoto aliyenyang'anywa utambulisho wake asaidiwe na serikali kuupata: hiyo ni sauti ya Plaza de Mayo ndani ya sheria ya Kenya. Ya sasa ni ya 2022, na usajili wa jina na uraia uko kifungu cha 7. Ziweke mbili kando kwa kando, mstari kwa mstari, uone kilichoongezwa na kilichopotea. Bado naona tasnifu zinazotaja ya 2001 kana kwamba ni hai. Mtahini akiona hivyo ukurasa wa tano, ameshachoka.

Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo, Sura ya 149, ndiyo inayotawala kaunta. Kifungu chake cha 12 kilizuia jina la baba kuandikwa isipokuwa baba na mama waombe pamoja, au uletwe ushahidi kwamba wameoana kisheria au kimila. Mei 2016, katika kesi ya L.N.W. dhidi ya Mwanasheria Mkuu, ombi namba 484 la 2014, Jaji Mumbi Ngugi aliamua kifungu hicho kinapingana na Katiba, kwa kuwa kinambagua mtoto kwa sababu wazazi wake hawakuoana. Mstari ule wa cheti cha Nyalenda una shina lake hapo. Lakini usidhani hukumu ikitoka leo fomu hubadilika kesho. Umbali kati ya hukumu na kaunta ndio uwanja wako wa utafiti.

Ukichagua swali la kisanduku cha jinsia, anzia kwa kesi ya Mtoto 'A' ya 2014, aliyeandikiwa alama ya kuuliza mahali pa jinsia, kisha usome Sheria ya 2022 inavyomtaja mtoto wa jinsia tata. Sensa ya 2019 ndiyo ya kwanza kuwahesabu watu hao: 1,524 nchini kote.

Hukumu zote ziko bure kwenye tovuti ya Kenya Law. Siri ndogo: kesi za watoto huandikwa kwa herufi za kwanza za majina, kwa hiyo kutafuta kwa jina la mtu ni kupoteza bando. Tafuta kwa namba ya ombi na mwaka. Ukishaipata, tafuta hukumu za baadaye zilizoitaja. Huko ndiko utajua kama majaji wengine wameifuata, wameikwepa au wameisahau.

Hatua ya 5: Uende uwanjani, au ubaki maktaba?

Kwa shahada ya kwanza, baki maktaba. Muhula mmoja hautoshi kusoma sheria, kuomba vibali, kuzungumza na watu na kuandika. Utafiti wa sheria kwenye maandishi si mdogo. Ulinganisho mzuri wa kifungu cha 11 cha zamani na cha 7 cha sasa unatosha kabisa.

Wa uzamili na uzamifu, nenda uwanjani, lakini vibali vina foleni yake. Kwanza kamati ya maadili ya utafiti. Maseno wana yao, na Hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga ina yake. Kila kamati ina ratiba ya vikao, uliza mapema tarehe ya mwisho ya kupokea maombi. Ukishapata barua ya maadili, omba leseni ya utafiti mtandaoni kwa Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu. Leseni hudumu mwaka mmoja. Kisha piga ripoti kwa ofisi ya kamishna wa kaunti na kwa mkurugenzi wa elimu kama utaingia shule. Mwisho, chifu na naibu chifu. Usimpite naibu chifu hata kama leseni yako ina muhuri wa Nairobi: kwa watoto waliozaliwa nyumbani yeye ndiye huandika taarifa ya kizazi, kwa hiyo si mlinzi wa lango tu, ni shahidi wako. Mwombe akueleze anavyojaza kitabu chake, na anafanya nini mama akija peke yake. Mwulize pia juu ya usajili wa kuchelewa, yaani baada ya miezi sita, na ukae vizuri kwenye kiti, jibu ni refu.

Hatua ya 6: Kuzungumza na watu

Neno "utambulisho" liache chuoni. Kwa Kiswahili cha mtaani mtu husikia "kitambulisho", akadhani unauza nafasi ya kipande. Kwa Kijaluo anza na nying, jina. Kila mtu ana hadithi ya jina lake: alizaliwa usiku ndiyo maana ni Otieno, mvua ilikuwa ikinyesha ndiyo maana ni Akoth, au babu aliyekufa alikuja katika ndoto akadai arudishwe. Kwa Waluhya utasikia Wekesa wa msimu wa mavuno na Wanjala wa njaa. Kutoka jina utafika kwa ukoo bila kusukuma. Mwanamke aliyeolewa Kisumu miaka thelathini bado huitwa nyar Gem au nyar Alego, binti wa kwao. Huo ni utambulisho usio na karatasi hata moja.

Na sasa kosa langu. Mwaka wangu wa kwanza uwanjani nilimuuliza mvulana wa miaka kumi na mmoja, mama yake akiwa ameketi kando, swali lililokuwa kwenye hojaji: baba yako ni nani? Mvulana aliangalia chini. Mama aliinuka kwenda kutazama sufuria ambayo haikuwa motoni. Mahojiano yaliishia hapo. Nilikuwa na barua ya maadili, nilikuwa na ridhaa ya mama iliyotiwa sahihi, na bado nilimvunjia heshima mtoto ndani ya nyumba yao.

Tangu siku hiyo siulizi watu, nauliza karatasi. Namwambia mlezi na mtoto: nileteeni karatasi zote za huyu mtoto, mnieleze kila moja ilitoka wapi. Hutoka kwenye mfuko wa plastiki chini ya godoro: kadi ya kliniki, taarifa ya kizazi yenye doa la chai, cheti kama kipo, cheti cha ubatizo, ripoti ya shule. Zipange mkekani kwa tarehe. Utaona jina likibadilika kutoka kadi ya kliniki hadi ubatizo hadi shule, herufi moja ikianguka hapa, jina la babu likiingia pale. Mtoto mwenyewe ataanza kusahihisha watu wazima: "Hii si mimi, hii waliandika vibaya." Hapo ibara ya 12 ya mkataba, ile ya maoni ya mtoto kusikilizwa, imetimia bila wewe kumbana. Na kama kuna jambo la baba, litasemwa na anayetaka kulisema.

Ridhaa ya mlezi haitoshi. Mtoto naye akubali, kwa lugha yake, na ajue kwamba akisema "sitaki tena" unafunga daftari bila kununa. Soda baada ya mazungumzo ni sawa. Soda kabla ya mazungumzo ni hongo.

Hatua ya 7: Kuficha majina ni kazi kuliko unavyofikiri

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamhusu kila anayekusanya habari za mtu, na ina masharti ya ziada kwa data za mtoto. Usipige picha ya cheti kwa simu unayotumia WhatsApp. Nakili unachohitaji kwa mkono, majina yakiwa yameshabadilishwa.

Na usimpe mtoto jina la uongo ovyo. Ukimwita Apiyo umemwambia kila msomaji Mjaluo kwamba ni pacha, na kwamba ndiye aliyetangulia. Ukiongeza "wa Nyalenda, gredi ya sita, anaishi na nyanya", mtaa mzima umeshamjua. Majina yetu ni data. Tumia namba, au herufi, na ubadilishe jambo moja dogo lisiloharibu hoja. Nami nimefanya hivyo kwa kile cheti nilichokuelezea.

Hatua ya 8: Kuandika

Panga sura kwa kufuata swali, usizipange kwa kufuata mikataba. Sura iitwayo "Sheria ya Kimataifa" ikifuatwa na "Sheria ya Afrika" na "Sheria ya Kenya" ni rafu ya maktaba. Afadhali sura moja ifuate mstari ule wa nafasi ya baba: ulianza lini, nani aliuhalalisha, mahakama ilisema nini, kaunta inafanya nini, mtoto anasema nini. Mikataba itaingia pale inapohitajika.

Katiba na mikataba ina ibara, sheria za bunge zina vifungu. Ukichanganya, mtahini atajua hukusoma kwa Kiswahili. Kusajiliwa si kupewa uraia, na cheti cha kuzaliwa peke yake hakimfanyi mtu raia; kinathibitisha alizaliwa wapi, lini, na nani. Andika sentensi hiyo mapema katika tasnifu, itakuokoa na mikanganyiko mingi.

Ukimaliza, nakala moja hudaiwa na tume iliyokupa leseni. Nyingine mpelekee naibu chifu. Na kwa waliokupa karatasi zao, rudi mwenyewe, kwa miguu, uwaeleze ulichokiona.

Nilirudi Nyalenda na muhtasari wa kurasa mbili. Nyanya alinisikiliza hadi mwisho, akauliza: "Hiyo hukumu, nikiitaka, nikamwambie nani kaunta?" Nilichana kipande cha daftari nikamwandikia: Ombi 484 la 2014, Mahakama Kuu, Nairobi. Akakikunja mara mbili, akakitia kwenye mfuko wa plastiki pamoja na cheti.